Barua ya wazi kwa mnaotunga sheria za habari: njooni kwenye meza ya zamu ya usiku

Waheshimiwa mawaziri wenye dhamana ya habari, wanasheria wakuu wa serikali, na wabunge mnaokaa kwenye kamati zinazopitia miswada ya vyombo vya habari,

Kwa heshima zote.

Kila mswada wa habari unapofika bungeni, popote pale, mabishano huwa ni yaleyale. Sisi tunasema uhuru unaminywa. Nanyi mnajibu kwamba kifungu hiki kimekuwepo miaka yote na waliofungwa nacho ni wachache, sasa kelele za nini? Hesabu yenu inaweza kuwa sahihi. Ila mnahesabia mahali pasipo. Kazi kubwa ya sheria ya habari haifanyiki mahakamani. Inafanyika kwenye meza ya mhariri wa zamu, saa nne usiku, mtambo ukisubiri, na haimo kwenye takwimu ya mtu yeyote kwa sababu matokeo yake ni habari ambayo haikutoka.

Niruhusuni niwaonyeshe inavyokuwa. Mwandishi ameleta habari ya zabuni ya ujenzi. Ana nakala ya mkataba. Ana watu wawili waliokuwemo kwenye kikao. Amempigia simu mkurugenzi anayetajwa, akaambiwa apeleke maswali kwa maandishi. Kayapeleka, siku zimepita, kimya. Kitaaluma habari imeiva. Mhariri anaisoma, anampigia wakili wa gazeti. Wakili haulizi kama habari ni ya kweli. Anauliza kama wale watu wawili watakubali kupanda kizimbani. Anauliza ile nakala ilitoka kwa nani na kama ina mhuri wa siri. Anauliza mhusika ni mtu wa kushitaki au wa kunyamaza. Hapo ndipo kisu kinapotoka. "Mkurugenzi alisaini" inageuka "inadaiwa mkurugenzi alisaini". Jina la kampuni linaondoka, inaingia "kampuni moja maarufu ya ujenzi". Kiasi cha fedha kinakuwa "mamilioni". Aya iliyonukuu mkataba wenyewe inafutwa yote.

Asubuhi msomaji ananunua habari isiyomwambia nani kafanya nini, lakini inayotosha kumtia shaka kila mkandarasi maarufu. Yule mwenye kosa anapumua. Wasio na kosa ndio wanaoanza kupokea simu za ndugu. Na hiyo ni nafuu, maana usiku mwingine habari yote hupigwa chini na ukurasa ukajazwa picha ya mgeni rasmi akikata utepe.

Mtasema huo ni uoga wa wahariri. Kwa kiasi ndiyo. Fani hii ina waoga kama fani nyingine. Lakini mhariri anayejua kilichokatazwa anaweza kukikwepa na kuandika yaliyobaki kwa kifua mbele. Anayefifisha kila sentensi ni yule asiyejua mpaka uko wapi. Ukimwambia "habari yenye kuleta taharuki ni kosa", bila kumwambia taharuki ya nani, ya kiasi gani, na nani ataipima, umemkabidhi sheria ambayo tafsiri yake itapatikana siku atakayokamatwa.

Hili si lalamiko la wanahabari peke yao. Mwaka 1979 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya gazeti la Sunday Times dhidi ya Uingereza. Gazeti lilikuwa limezuiwa kuchapisha makala kuhusu thalidomide, dawa iliyosababisha watoto wengi kuzaliwa na ulemavu wa viungo, kwa hoja kwamba ingeingilia madai yaliyokuwa yakiendelea. Pamoja na kuona kwamba zuio lile lilikiuka uhuru wa kujieleza, majaji waliweka kipimo ambacho mahakama nyingi zimekitumia tangu hapo: kanuni isiyo wazi kiasi cha kumwezesha raia, hata kwa msaada wa wakili, kujua mapema matokeo ya kitendo chake, haistahili kuitwa sheria. Naomba mkipitishe kipimo hicho kwenye vifungu vyenu vya uchochezi na habari za uongo. Chukueni kimoja, mpeni wakili mzoefu pamoja na habari ambayo haijachapishwa, mwulize: hii ni kosa au si kosa? Akijibu "inategemea nani ameudhika", mnajua mnachopaswa kufanya.

Kosa la habari za uongo ni la kale kuliko magazeti. Uingereza ililitunga mwaka 1275, na halikutungwa kwa ajili ya msomaji. Lilitungwa kuwakinga wakubwa wa ufalme na masimulizi yanayoweza kuzua mfarakano kati ya mfalme na watu wake. Karne nyingi baadaye wajukuu wa kosa hilo walipandishwa meli kwenda makoloni pamoja na kosa la uchochezi, ambalo kazi yake huko haikufichwa hata kidogo. Uhuru ulipopatikana bendera zilishushwa, vifungu vikabaki vikipepea. Uingereza yenyewe ilifuta uchochezi na kashfa ya jinai kwa sheria ya mwaka 2009. Leo wapo mawaziri, kwenye nchi ambako mababu zao walifungwa kwa vifungu hivyo, wanaovitetea kana kwamba ni mila yetu.

Waliovipinga mahakamani na kushinda si wageni kwetu. Mwaka 1997 Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda wa gazeti la The Monitor, Uganda, walishitakiwa kwa kosa la habari za uongo, kwa habari waliyoinukuu kutoka jarida la nje kuhusu madai kwamba serikali yao imelipwa dhahabu na Rais Laurent Kabila wa Kongo. Waliachiwa huru. Wangeweza kwenda nyumbani wakapumzika. Badala yake waliendelea kukipinga kifungu chenyewe, wakashindwa Mahakama ya Katiba, wakakata rufaa, na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Uganda ikakifuta. Hoja iliyonigusa zaidi katika hukumu ile ni kwamba ulinzi wa katiba kwa maneno ya mtu hautegemei maneno hayo kuwa ya kweli. Wabunge wengi wanapoisikia hoja hii mara ya kwanza hukunja uso. Kwani uongo una haki gani?

Jibu linapatikana kwenye tangazo la mwaka 1960. Kamati ya kutetea haki za Wamarekani weusi ililipia ukurasa mzima kwenye New York Times. Tangazo likasema Martin Luther King amekamatwa mara saba. Kumbe ilikuwa mara nne. Likasema wanafunzi waliokuwa wakiandamana waliimba wimbo fulani wa kizalendo; kumbe waliimba wimbo wa taifa. Kwa makosa ya aina hiyo kamishna mmoja wa jiji la Montgomery, ambaye hata jina lake halikuandikwa mle, alipewa na mahakama za Alabama fidia ya dola 500,000. Kilichosemwa kwa ujumla, kwamba polisi wa kule walikuwa wakiwaonea watu weusi, kilikuwa kweli tupu. Lakini penye hesabu, majina na tarehe hapakosi kosa dogo, na sheria inayoadhibu kila kosa dogo humpa mkubwa fimbo ya kupigia ukweli mkubwa. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua fidia ile na kutaka kiongozi wa umma anayedai kashfa athibitishe kwamba mchapishaji alijua anasema uongo au hakujali kabisa kama ni uongo.

Siwaombi mnakili kanuni ya Wamarekani. Kwa maoni yangu ina kasoro: inachimba kichwa cha mwandishi kutafuta alichokijua, kazi ambayo ni ya gharama na yenye kuchosha. Napendelea njia ya sheria ya kashfa ya Uingereza ya mwaka 2013. Kwanza mdai aonyeshe kwamba heshima yake imeumizwa vibaya au inaelekea kuumizwa vibaya. Pili, mchapishaji ana utetezi akionyesha kwamba jambo lilikuwa la maslahi ya umma na kwamba alikuwa na sababu za msingi za kuamini kulichapisha kunayatumikia maslahi hayo. Hapo swali linakuwa: ulifanya nini? Ulimpigia simu mhusika? Ulimpa muda wa kujibu? Jibu lake uliliweka? Hayo ni maswali ambayo mhariri mzuri hujiuliza hata bila sheria, na yana majibu kwenye daftari la mwandishi. Sheria ya namna hiyo humfundisha mtu kazi. Ile ya taharuki humfundisha kujificha.

Nije kwenye kifungo. Mwaka 2012 Lohé Issa Konaté, mhariri wa gazeti moja la wiki nchini Burkina Faso, alihukumiwa jela miezi 12 kwa makala zilizomtuhumu mwendesha mashitaka, na gazeti likafungiwa miezi sita. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua kwamba kumfunga mtu kwa kashfa kunakiuka mkataba wa Afrika isipokuwa katika mazingira mazito kama kuchochea uhalifu au chuki. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikwisha kusema mwaka 2011 kwamba jela si adhabu inayofaa kwa kashfa hata siku moja. Mahakama Kuu ya Kenya ilifuta kashfa ya jinai mwaka 2017. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilivikuta vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania, vikiwemo vya uchochezi na kashfa ya jinai, vikipingana na mkataba wa jumuiya. Hapa hakuna tena la kujadili. Ni kufuta tu.

Kwa kuwa jela inaanza kuona haya, wenye fedha wamegundua njia nyingine, na hapa ndipo ningependa mkae nami kidogo. Kesi ya madai. Haina pingu, haina kelele za mashirika ya haki za binadamu. Inaanza na barua ya wakili: ondoa habari hii, omba radhi ukurasa wa mbele, lipa kiasi hiki ndani ya siku saba. Ukikataa inafuata hati ya wito. Mdai hana haja ya kushinda. Anahitaji kesi iahirishwe, iahirishwe tena, na kila tarehe gazeti limlipe wakili, mwandishi apoteze siku, na mwenye gazeti aanze kuuliza kulikuwa na ulazima gani. Anaweza hata kufungua kesi nyingine mji mwingine, au nchi nyingine ambako nakala chache tu zilisomwa.

Daphne Caruana Galizia, mwandishi wa Malta, alipouawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake Oktoba 2017 alikuwa anakabiliwa na kesi za kashfa zaidi ya 40. Kifo hakikuzimaliza. Familia ilizirithi, na wadai wakaendelea kuwafuata wafiwa mahakamani. Nchini Ufilipino, mwandishi Maria Ressa alitiwa hatiani kwa kashfa Juni 2020 kwa makala iliyochapishwa mtandaoni Mei 2012, miezi kadhaa kabla sheria ya makosa ya mtandao aliyoshitakiwa nayo kusainiwa. Iliwezekanaje? Mwaka 2014 neno moja lililokosewa tahajia kwenye makala ile lilirekebishwa, na upande wa mashitaka ukasema huko ni kuchapisha upya. Herufi moja. Wahariri walioisikia hukumu ile walipata somo ambalo sidhani kama kuna mtunga sheria aliyelikusudia: ukiona kosa kwenye makala ya zamani, liache.

Yapo mambo manne ambayo mkiyaandika kwenye sheria mchezo huu unapungua sana. Hakimu awe na mamlaka ya kuitupa mapema kesi isiyo na mashiko dhidi ya jambo la maslahi ya umma, kabla ya miaka ya ushahidi. Mdai aliyefungua kesi ya namna hiyo alipe gharama zote. Muda wa kushitaki uhesabiwe tangu siku ya kwanza habari ilipotoka, na usianze upya kwa sababu ya kurekebisha tahajia, kuhamishia makala kwenye tovuti mpya au kuiweka kwenye maktaba. Na kesi ifunguliwe mahali penye uhusiano wa kweli na madhara yanayodaiwa. Haya si ndoto. Jimbo la California lina utaratibu wa kutupa kesi hizi mapema tangu 1992. Umoja wa Ulaya ulipitisha maelekezo yake mwaka 2024, watu wakayaita sheria ya Daphne, ingawa yanahusu kesi za madai zinazovuka mipaka tu na kila nchi inabaki na kazi ya nyumbani. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini haikusubiri hata bunge: Novemba 2022, katika kesi ya kampuni za uchimbaji madini dhidi ya wanasheria na wanaharakati wa mazingira, ilikubali kwamba sheria iliyopo inaruhusu mdaiwa kujitetea kwa kuonyesha kuwa kesi ni matumizi mabaya ya mahakama yenye lengo la kumnyamazisha.

Najua mnachotaka kuniuliza. Na yule aliyechafuliwa na gazeti, asiye na fedha za wakili, yeye sheria yake iko wapi? Swali hili ni zito kuliko tunavyolichukulia vyumba vya habari. Mwalimu anaitwa mbakaji kwa herufi nene ukurasa wa kwanza. Miezi baadaye polisi wanafunga jalada, na gazeti linaandika mistari mitatu chini ya matangazo ya minada. Mtu huyo amekwisha kuhama mtaa. Kifungo cha mhariri hakimrudishii chochote, na kesi ya fidia itampita kwa gharama. Anachohitaji ni marekebisho yanayotoka haraka, ukurasa uleule, ukubwa uleule, na mtandaoni yakibandikwa juu ya habari ya awali ili kila anayeifungua akutane nayo kwanza. Baraza la habari lililo huru, lisiloteuliwa na waziri wala kulipwa na mmiliki mmoja, linaweza kuamuru hivyo bila malipo. Mkiandika hayo kwa ukali mtatukuta tumenuna, na mtuache tunune. Wenzangu hawatafurahi kusoma aya hii.

Kuhusu mitandao nitasema kidogo, kwa kuwa kila waziri siku hizi ana mswada wake mezani. Ujerumani mwaka 2017 ilizitaka kampuni kubwa za mitandao ziondoe ndani ya saa 24 maudhui yaliyo haramu waziwazi baada ya kulalamikiwa, faini ikifika euro milioni 50. Fikirini mfanyakazi wa kampuni mwenye lundo la malalamiko na saa ya ukutani. Akifuta cha halali, hakuna anayemuuliza. Akiacha cha haramu, kampuni inaingia hatarini. Atafuta. Ujerumani ina mahakama ambazo aliyefutiwa anaweza kuzikimbilia. Ila sheria hizi zinapoigwa, saa 24 husafiri haraka kuliko mahakama huru. Kama ni lazima muwe na muda wa mwisho, basi aliyefutiwa apewe sababu kwa maandishi, na mahali pa kukata rufaa pasipokuwa ofisi ileile iliyoamuru kufutwa.

Na vyanzo. Mwaka 1996 Mahakama ya Ulaya ilimpa ushindi William Goodwin, mwandishi kijana wa Uingereza aliyetozwa faini kwa kukataa kumtaja aliyempa siri za kampuni fulani. Siku hizi hakuna haja ya kumuuliza mwandishi. Simu yake inatosha. Hivyo kifungu cha kulinda vyanzo kisichogusa rekodi za simu, upekuzi wa kompyuta na programu za udukuzi ni kifungu cha mwaka 1996. Amri ya kuvifikia itoke kwa jaji, baada ya kusikiliza upande wa pili, na kwa kosa zito lililotajwa kwa jina.

Nimalizie na namna miswada hii inavyoandikwa, kwa sababu vifungu vibaya mara nyingi ni watoto wa haraka. Mswada wa habari usiletwe kwa hati ya dharura. Usifichwe ndani ya muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, katikati ya kifungu cha ardhi na cha leseni za uvuvi, ambako mbunge mwenye nia njema anaupigia kura bila kuufikia. Rasimu itoke kamili, si muhtasari wake, na wadau wapewe wiki za kuisoma badala ya kuitwa leo asubuhi watoe maoni kesho.

Kisha, kabla ya kusomwa mara ya pili, fanyeni jaribio moja. Chukueni habari za zamani za uchunguzi ambazo leo kila mtu anakubali zilikuwa za kweli na ziliokoa fedha au maisha ya watu. Ziiteni kwa tarehe zake, mkijifanya hamjui zitakavyoishia: ushahidi haujakamilika, mhusika anakanusha, serikali inasema ni uzushi. Zipitisheni kwenye rasimu, kifungu kwa kifungu, mbele ya kamati, wakili akisoma kwa sauti. Kila habari itakayokwama, mwandishi wa rasimu asimame aeleze kwa nini ilistahili kukwama. Mafaili tunayo, pamoja na rasimu za kwanza za makala hizo kabla wakili hajazigusa. Tupeni tarehe ya kikao, tutayaleta.

Wenu mtiifu,
Mhariri wa zamu ya usiku